Mama mukwe kwenye geti

Mpundu wa Kashikishi alikuwa mutu wa kujisifu, nakuambia ukweli. Mwaka 1998, nyavu zake zilipoibwa kule kisiwa cha Kilwa, aliacha ziwa akaenda kujifunza ulinzi kwa frigo, kampuni moja kubwa ya kugandisha samaki, pale Nchelenge. Wiki tatu za mafunzo: kupiga saluti, kuandika kwa buku nani ameingia na nani ametoka, na zaidi ya yote kukagua watu kwenye geti. Kisha miezi mitatu ya majaribio. Ukifaulu, wanakutuma Mansa kwa masomo ya pili, unarudi koplo, na kazi haikupotei tena.

Mwalimu wao, Davison, alikuwa askari wa zamani, na sauti yake ilisikika mpaka majini.

"Kwenye geti hakuna shemeji, hakuna padri! Mwenye mambo ya mila abaki kwake!"

Mpundu njo alicheka wa kwanza. "Shefu, mimi sina mila, niko na yunifomu." Ah, mudomo ule!

Mila alikuwa nayo, tena nzito. Alikuwa na miaka minane na muke wake Ireen, lakini mama ya Ireen, Mama Rosaria wa kisiwa cha Chisenga, hajamuangalia usoni hata siku moja. Kule mwanaume na mama mukwe wake hawaangaliani. Wakikutana njiani, mumoja anaingia kwenye majani. Inaisha siku mama anapomupikia mukwe karamu na kumuingiza nyumbani kwake, na mukwe naye haendi mikono mitupu. Mpundu kila mwaka alisema: mwaka kesho.

Siku ya mwisho ya majaribio samaki walijaa mpaka frigo ikaita wanawake wa kibarua, hata wa visiwani, kuja kuwapasua. Saa ya kutoka wakapanga mustari. Kwenye geti lile kila mama anafungua kitenge chake cha juu, anakikunguta mbele ya mulinzi ili ionekane hakuficha samaki, anakifunga tena. Mulinzi anaandika jina. Nyuma ya Mpundu alisimama Davison na karatasi ya maksi.

Mpundu akasikia mguu unavuta mchanga. Mguu ule aliujua, kwa sababu miaka minane aliukimbia njiani. Akageuza uso kwa ukuta.

"Pita," akasema.

"Simama!" Davison akapiga kelele. "Mulinzi, huyu umemukagua?"

"Ndiyo, shefu."

"Kwa kisogo? Ni nani wako huyu?"

Neno moja tu lingetosha, jamani! Ni mama mukwe. Davison mwenyewe alizaliwa palepale Luapula, na yeye ako na mukwe. Angeita mulinzi mwingine, mambo yakaisha. Lakini Mpundu akakumbuka kicheko chake, akaona wenzake wanamuangalia, akaona Mansa inapotea.

"Simujui, shefu. Ni mama tu."

"Basi geuka, fanya kazi."

Mama Rosaria akaweka beseni chini.

"Usimugombeze, shefu," akasema polepole. "Kweli hanijui."

Akafungua kitenge, akakikunguta mara moja, mara mbili, mbele ya mume wa mutoto wake. Hakukuwa na kitu. Mpundu aliangalia, maana aliambiwa aangalie, na haya ikamushika.

"Andika jina!" Davison akasema.

"Jina lako nani, mama?"

"Rosaria."

Alifaulu. Alienda Mansa, akarudi koplo. Nyumbani hakusema kitu, lakini soko la Kashikishi halifichi habari. Ireen alimuuliza swali moja tu: "Ulimuuliza jina?" Wiki nyingi Ireen aliweka chakula cha Mpundu mezani, yeye mwenyewe akaenda kula kwa jirani.

Kwa mushahara wa kwanza wa ukoplo Mpundu akanunua mbuzi na blanketi, akatuma neno Chisenga kuomba aingizwe. Jibu likarudi haraka: aje. Akafurahi, akafikiri amesamehewa. Siku ile alivaa yunifomu yake iliyopigwa pasi, akaketi kwenye mukeka nyumbani kwa Mama, watu wakajaa, wakaimba.

Mama Rosaria akaingia na sahani ya bukari, ugali wetu. Sasa Mpundu alikuwa na ruhusa ya kumuangalia. Mama hakupiga magoti, kama inavyotakiwa ukimupa mukwe chakula. Aliweka sahani chini, akafungua kitenge chake cha juu, akakikunguta mara moja, mara mbili.

"Hakuna kitu, shefu," akasema. "Jina ni Rosaria."

Wanaume wakacheka, wakafikiri ni mzaha wa kumukaribisha koplo. Wanawake waliosimama kwenye mustari siku ile hawakucheka. Ireen aliangalia chini.

"Kula sasa, mukwe wangu," Mama akasema.

Mpundu akanawa mikono, akamega tonge. Akabaki nalo mukononi mpaka likapoa.