Mkeka, Chupa ya Chai na Taa za Angani

Mimi ni mtu wa masjala. Kazi yangu ni kupokea mafaili na kuyatoa, na kazi hiyo imenifundisha kwamba faili halipotei, linafichwa. Kwa hiyo mume wangu alipostaafu udereva akaanza kutoka kila Jumamosi jioni, mkeka kwapani, mkononi chupa ya chai na kikapu chenye vikombe viwili, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Mwanamume anayekwenda kupiga soga na wenzake abebe mkeka wa nini?

"Nakwenda kuangalia taa," alinijibu nilipomuuliza.

"Taa zipi? Za humu ndani zimeungua?"

"Za juu, mama watoto." Akaonyesha angani kwa kidevu, akaenda zake.

Taa zenyewe zilikuwepo, siwezi kukataa. Mtaa wetu mzima wa Nzuguni ulikuwa umeziona zikipita kimya baada ya jua kuzama, zimejipanga mstari mmoja kama shanga. Mwanangu wa chuo aliniambia kwa simu ni setilaiti za intaneti. Jirani yangu alisema ni dalili za mwisho wa dunia, kisha akaendelea kukaanga maandazi yake. Wapo walioapa kwamba ni vyombo vya viumbe wa sayari nyingine, wamesikia serikali imehamia Dodoma na wao wanatafuta viwanja. Hao ndio walionichekesha zaidi.

Lakini jirani hakucheka nilipomsimulia habari za mkeka. Aligeuza maandazi, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Shoga," akasema, "mwanamume aache wali wa moto akatazame nyota? Mwanamume huyu wa kwetu?"

Nikaanza upelelezi. Nilinusa mashati yake, nikakuta jasho na moshi wa kuni. Nilikagua viatu, nikakuta mbigili zimechoma soli, maana yake anapita maporini, si kwenye baa. Halafu nikaviangalia vikombe. Mume wangu ana kisukari, chai yake haina hata chembe ya sukari. Kikombe kimoja kilikuwa kikavu safi. Cha pili kilikuwa kinanata.

Nilikaa na kile kikombe jikoni nikalia. Watoto wameshatoka, nyumba imebaki na sisi wawili tu, na huyu mmoja sasa anamkorogea mtu sukari huko maporini. Niliogopa kuzeeka peke yangu, na niliogopa zaidi kuchekwa na wauza nyanya wa mtaa wetu.

Jumamosi iliyofuata nilimwacha atangulie. Nikajifunga kanga, nikachukua bodaboda, nikamfuata kwa mbali mpaka chini ya kilima cha mawe, nyuma ya viwanja vipya. Nikapanda kwa miguu nikiwa nimeshayapanga matusi, nimeanza na ya mwanamke, ya mume yatafuata.

Juu ya mwamba nilikuta watu kama wa jumuiya ndogo ndogo za kanisani. Wamelala chali kwenye mikeka, wazee kwa wanafunzi wa chuo, macho juu, na pembeni moto mdogo wa kuni. Mkeka ulikuwa wa shingo tu! Mtu hawezi kutazama angani saa nzima amesimama. Mume wangu alikuwa upande wa mbali, na karibu yake bibi mmoja mwenye mvi, muuguzi mstaafu wa hospitali ya Mvumi kama nilivyokuja kuambiwa, akinywa chai kwenye kikombe changu.

"Shikamoo mama," nilijikuta nasema, maana mdomo una mazoea yake.

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Sikukaa. Niliwaza kwamba bibi huyu ni pazia, mwanamke mwenyewe yuko nyuma ya jiwe. Kiongozi wao, fundi wa kufunga madishi, akanifuata kwa bashasha kabla sijaanza kutafuta.

"Mgeni wetu, usiogope. Hapa tuna utaratibu. Akija mtu mpya, mmoja wetu anatoa ushuhuda kwanza, ili mgeni ajue hakuna atakayemcheka. Na ushuhuda hauulizwi maswali, mama. Tunasikiliza tu."

Hakujua mimi ni nani. Akageuka, akamwita mume wangu kwa cheo alichompa pale. "Dereva, simama umsimulie mama."

Mume wangu alisimama, akaniona. Moto ulimmulika usoni, na nilijua ametamani mwamba upasuke. Akainama kunyoosha mkeka uliokwisha nyooka. Watu wakadhani amesahau.

"Ulikuwa unatoka Mtera," bibi akamkumbusha.

"Nilikuwa natoka Mtera," akasema. "Nilimshusha bosi kule, narudi peke yangu na gari la ofisi. Mke wangu alikuwa amelazwa Mvumi, anajifungua mtoto wetu wa kwanza."

Nikaishika kanga yangu. Usiku ule ninaujua. Nilijifungua peke yangu, na yeye akaja asubuhi jua limepanda, nguo zimejaa vumbi, akasema pancha. Pancha ile sikuwahi kuiamini. Niliinyamazia kwa sababu ya mtoto, lakini niliitunza.

"Nikaona mwanga juu ya maji ya bwawa," aliendelea. "Mkubwa, hautikisiki. Halafu..."

"Gari likazima," wakasema wote kwa pamoja, taratibu, kama watu wanaoitikia sala.

"Gari likazima. Taa, redio, kila kitu. Nikasukuma, nikapiga stata, wapi. Mwanga ukasogea mpaka juu yangu. Nikaingia uvunguni mwa gari. Mimi, mwanamume mzima, nikakaa uvunguni mpaka alfajiri..."

"Nikalia," bibi akanong'ona, akimtangulia.

"Nikalia," mume wangu akasema. "Niliwaza mke wangu atakufa kule na mimi niko chini ya gari."

Mpaka leo siamini viumbe wa angani. Betri za magari ya ofisi nazijua. Lakini nilimtazama yule bibi midomo yake ikicheza, akiyajua maneno ya mume wangu kabla hajayasema, na wivu ulionishika haukuwa wa mchezo. Fundi wa madishi alikuwa anaujua usiku ule. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanaujua. Mimi niliyekuwa nalia kitandani Mvumi ndiyo kwanza nausikia, tena kama mgeni.

Tuliteremka kilima pamoja, yeye na mkeka, mimi na kikapu. Tukafika barabarani.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" nikamuuliza.

"Ungeniuliza nilikuwa na nani."

"Nisingeuliza."

Alinishika mkono kunivusha mtaro, na mimi nikiwa nimeushika mkono huo bado nilikuwa natafuta namna nzuri ya kumuuliza alikuwa na nani.