Nyota ya Kifuu kwenye Kasha la Dada

Juma lililopita mjukuu wangu aliketi barazani akikata kifuu kwa msumeno ili atengeneze upawa. Vumbi lake likaniingia puani, nami nikauacha mchicha niliokuwa nikiuchambua. Kifuu kikikatwa hunuka kama nazi iliyoungua chunguni, na kwangu mimi hiyo ni harufu ya baba. Siku hizi sina nguvu ya kukumbuka mengi, lakini hili huja lenyewe, basi acha niwasimulie.

Baba alikuwa fundi wa makasha pale Msambweni, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Makasha yake yalikuwa ya kawaida tu, ya kuwekea nguo, mbao hazina hata ua. Lakini kasha la binti anayeolewa lilikuwa na heshima yake. Nyumbani kwetu bibi harusi hakuondoka mpaka baba yake amtilie kasha nakshi kwa mkono wake, na dada yangu Mwanamisi alikuwa ameshaposwa na watu wa Vanga.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Tangu hapo Mwanamisi ndiye aliyeteka maji, aliyekuna nazi, aliyenisuka nywele, aliyemfulia baba kanzu ya Ijumaa. Mashoga zake wote walikuwa wameshazaa. Jioni alikaa kizingitini akijikanda miguu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilijua jambo moja tu: kasha likiisha, dada anaondoka.

Na kasha halikuisha. Baba alichonga maua pembeni kwa patasi, na yalipokamilika akasema kifuniko kiko wazi mno. Akaanza kukitia njumu. Alichimba vishimo vyenye umbo la nyota, akakata nyota za kifuu zinazoenea humo, akazibandika kwa gundi, kisha akasugua kwa majani ya msasa mpaka kidole kikipita hakihisi kiungo. Kifuniko kilipokaribia kujaa akahamia ubavuni. Mvua za masika zikaja, zikaisha, na baba bado alikuwa akichimba nyota.

Ndipo shangazi wa bwana harusi alipokuja kutoka Vanga, kwa ile njia mbovu, vumbi mpaka kwenye kope. Aliamkiwa, akapewa maji, akalizunguka kasha mara mbili.

"Fundi, kasha hili ni la kuwekea nguo au la kumwekea binti yako?" aliuliza kwa upole. "Kijana wetu naye ni mtu. Akichoka, ataoa kwingine."

"Imebaki nyota moja, bibiye," baba akajibu. "Ijumaa, inshallah."

Nyota hiyo ilikuwa ya katikati ya kifuniko, na tayari ilikuwa imeshakatwa. Niliiiba siku ile ile, nikaifunga kwenye pindo la leso yangu.

Baba akaitafuta. Alipiga magoti, akachekecha maranda kwa ungo, akaniita nimsaidie, nami nikachekecha pamoja naye huku nyota iko pindoni. Ijumaa ikapita, na ya pili ikapita. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Mwanamisi alitutazama kutoka jikoni, kisha akarudi kwenye mbuzi yake kukuna nazi.

Ijumaa ya tatu alitoka, mikono imelowa tui.

"Baba, nitaondoka nalo hivyo hivyo," alisema. "Nimechoka, baba."

"Haya, mwanangu," baba akasema, akauweka ungo chini. Juma lile wanawake walilibeba kasha kichwani, na pale katikati ya kifuniko palikuwa na tundu. Nililia sana, na watu wakasema namlilia dada. Kesho yake ndoo ya maji ikawa yangu.

Kosa lile nililibeba mpaka nikawa mke wa mtu. Baba alipofariki, nililifungua kopo lake la misumari. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nilikuta nyota za kifuu kumi na moja, zote za kipimo cha ile niliyoiba, zimeshasuguliwa. Nilikaa sakafuni nikizitazama. Siku zote zile tulipokuwa tukichekecha vumbi, baba alikuwa nazo.

Nilimpelekea Mwanamisi moja kule Vanga. Niliungama wizi wangu, kisha nikamweleza habari ya kopo. Hakushangaa. Aliigeuzageuza nyota, akanirudishia.

"Nilimwona akizikata," alisema. "Na ile yako niliiona nilipokuwa nikikufulia leso. Nikawaachia Ijumaa tatu."

Utotoni nilidhani anachoshwa na maji na kuni. Kumbe tuliomchosha ni sisi, mimi na baba, na bado alituachia Ijumaa tatu.