Anua Nguo, Mwanangu!

Juzi gari la sinema lilipanda Lushoto. Bwana muuza sabuni akatundika shuka nyeupe ukumbini, nasi tukaziba madirisha kwa mablanketi. Picha ilimwonyesha mama akifua kanzu ya harusi ya mwanawe. Akaianika, akaingia ndani, na wingu jeusi likatanda.

"Anua nguo, mwanangu!" bibi mmoja wa Magamba akapiga kelele. Ukumbi mzima ukasimama: "Anua! Anua!" Nami niliyetoka kuswali, Mungu anisamehe, niliwashinda wote kwa sauti.

"Jamani, hili ni tangazo! Nimetumwa kuuza sabuni," bwana yule akalalamika. "Bibi, sabuni umeionaje?"

"Sabuni ipi, baba? Irudishe picha, labda safari hii atawahi."

Wasomi na wabishane kama picha ya biashara ni sanaa. Sisi tulipotoka nje tulikuta mvua ya kweli imepita, na nguo tulizoanika michongomani zimelala matopeni. Tulizisahau kwa kumhurumia mtu wa kwenye shuka.

Tulicheka mpaka machozi, kisha tukarudi ndani kununua sabuni.