Mistari ya Radi Mashavuni Mwangu

Nilipokuwa mtoto, wingu jeusi likijikusanya juu ya milima yetu ya Kivu, mbuzi waliingizwa ndani, kuku waliingizwa ndani, mimi nikasukumwa nje. Wala sikuwa mtundu. Kosa langu lilikuwa mashavu.

Nilizaliwa mweupe, na mashavu yangu yalikuwa mekundu hata nisipokimbia. Ukisogea karibu uliona mistari myembamba ya damu, imeanzia kando ya pua ikatawanyika kama mizizi ya nyasi. Watu wa kijiji walisema hiyo ni alama ya radi. Ilimgusa mama yangu nikiwa tumboni, ikaniandika, na siku moja ingerudi kuchukua mali yake. Nyumba ambayo ingenikuta ndani ingeteketea na wote waliomo. Mama alikufa nikiwa bado nanyonya, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Nililelewa na bibi mzaa baba, niliyemwita Koko. Msije mkadhani Koko hakuamini habari ya radi. Aliamini kuliko wote, na kwa sababu aliamini, aliulinda uso wangu kama yai. Nisikae karibu na moto, maana moto na radi ni ndugu na mmoja angempelekea mwenzake habari. Nisinawe maji ya moto. Asubuhi alinimwagia maji ya mtungi, akanikausha kwa kunigusagusa na kitambaa kikuukuu, hakusugua kamwe. Akanipaka samli, kidogo tu. Jua likiwa kali nilifunikwa kichwa na jani la mgomba. Pilipili sikuionja. Na mtu asinipige kofi la uso.

"Mkitaka kumpiga, pigeni matako," aliwaambia. "Yapo ya kutosha."

Uzeeni, hapa Johannesburg, nesi mmoja wa kliniki aliniangalia mashavu, akaniambia hiyo ni mishipa midogo ya damu iliyopanuka chini ya ngozi nyepesi. Akanishauri ninawe maji yasiyo ya moto, nisisugue, nijikinge na jua, niache pilipili, nisiinamie sufuria inayochemka. Nikacheka mpaka akauliza kama nina homa. Ni maneno ya Koko yote, ameondoa radi tu.

Lakini samli na kivuli havikuwatuliza watu. Mwaka mmoja radi iliua ng'ombe wawili wa baba yangu mkubwa, na mke wake, Mama Sifa, hakuhitaji ushahidi zaidi. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya maharage niliposikia wazee wakikubaliana. Jumatatu angekuja mzee wa dawa na wembe wake. Angechanja mstari mmoja mmoja, mashavu yote mawili, kisha asugue masizi ndani ya vidonda ili radi isiutambue tena uso wangu. Baba yangu alinyamaza. Alikuwa hodari sana wa kunyamaza.

Koko aliwapigia kelele. "Mtachanja uso wa mtoto kama ngozi ya ngoma? Na akioza?"

"Mama, akioza ni mmoja," alijibu baba mkubwa. "Radi ikija ni sisi wote."

Alikuwa amemzaa yeye mwenyewe, huyo aliyemjibu hivyo. Koko akaingia ndani, hakula.

Jumapili tukaenda kusali. Kanisa letu lilikuwa kibanda cha matofali juu ya kilima, na ndilo jengo pekee lenye mabati. Katekista alikuwa katikati ya mahubiri radi ilipopiga ng'ambo ya bonde. Vichwa vyote vikanigeukia. Nilifanya nilivyozoea: nikasimama nitoke.

Koko akanishika mkono. "Kaa."

"Koko, watu…"

"Nimesema kaa."

Mama Sifa akainuka na mtoto wake mgongoni. "Mama mkwe, mtoe huyo kabla hatujaungua!"

"Mlango uko wazi," alisema Koko. "Anayeogopa atoke. Sisi tumekuja kusali."

Wakatoka. Jamani, wakatoka wote, benchi moja baada ya lingine, wanaume kwanza, na katekista akafuata na kitabu chake kwapani. Tukabaki wawili chini ya mabati, na kanisa zima limesimama nje uwanjani likitungoja tuungue.

Hapo ndipo nilipomtazama Koko vizuri. Jasho lilimtiririka shingoni, na baridi ile ya milimani. Kila mwanga ulipomulika alifumba macho na kunivuta karibu zaidi, na midomo yake ilikuwa ikisema jambo ambalo sikulisikia kwa kelele za mabati. Aliamini kwamba inakuja. Aliamini kwamba itamkuta pale. Na hakunyanyuka.

Haikuja radi. Ilikuja mvua ya mawe, mawe kama mayai ya njiwa, na waumini walikuwa uwanjani bila hata mti wa kujificha. Walivumilia kidogo, kwa fahari. Kisha Mama Sifa akaingia mbio, amelowa chapachapa, mtoto anapiga mayowe, kitambaa cha kichwa kimepotea. Nyuma yake wakaja wengine wakisukumana mlangoni.

Koko akafumbua macho. "Karibuni," akasema. "Wewe, sogea, mpe mama yako mkubwa nafasi. Ana baridi."

Mama Sifa akaketi kando yangu kwa kuwa hapakuwa na pengine. Mtoto wake, ambaye hakuwa na habari za radi, alinyoosha mkono akanishika shavu, akanyamaza. Mama Sifa akatazama ule mkono wa mtoto wake juu ya mistari yangu. Akatazama mabati. Akakaa hivyo mpaka mvua ikakatika.

Tulipotoka alimwambia mumewe mbele ya watu, "Yule mzee kesho asije."

"Lakini tumeshamwita."

"Basi akuchanje wewe."

Mbele ya watu baba mkubwa ndiye alikuwa mkuu wa ukoo. Nyumbani mkuu alikuwa Mama Sifa. Mzee wa dawa hakuja, si Jumatatu ile wala nyingine.

Ninaandika haya Yeoville, mtaa wetu hapa Johannesburg, mwaka 2017, kwa ajili ya mjukuu wangu Solanji, anayesuka nywele saluni. Ngozi yangu imemrukia yeye peke yake katika ukoo mzima. Mwezi uliopita mteja mmoja alimuuliza ana ugonjwa gani usoni, naye akarudi na kopo la krimu lisilo hata jina, linalochoma kama pilipili.

"Eish, Koko, inatoa mistari yote," akaniambia, maana siku hizi Koko ni mimi. "Kila mtu saluni anaitumia."

"Na kila mtu saluni ana uso wa rangi tatu. Tupa."

Alinuna siku nzima. Kisha akaja akaniuliza kwa nini naulinda uso wake hivyo, na nikaona sijawahi kumsimulia.

Sasa nimefika umri wa Koko wa siku ile, pengine nimempita. Nimesoma darasa sita tu, lakini najua kwamba radi haiandiki watu mashavuni. Mimi nikikaa kanisani wakati wa ngurumo, nakaa kwa sababu najua. Hiyo si kazi kubwa. Yule mwanamke hakujua. Aliona kifo kinakuja juu ya mabati, akaupima uso wangu na maisha yake, akaketi.

Ndiyo maana natembea barabarani Yeoville kichwa juu, bila poda, na anayetaka kutazama atazame. Mistari imeongezeka na uzee, imeshuka hadi kidevuni. Wembe haukupita hapa. Solanji amelitupa lile kopo. Asubuhi namsikia bafuni akijimwagia maji baridi na kulalamika kwa Kiingereza.