Mhandisi Asiyepima

Mhandisi anayemhudumia Drusilla, muuza vifaranga wa Ogembo, hapimi kitu. Chai anaiacha mezani, anatazama saa, kisha anatangaza kwamba imepoa. Akiungua ulimi, anasema kikombe ndicho chenye makosa. Mvua haichungulii dirishani, anaikadiria kichwani, halafu anaingia amelowa chapachapa. Vidole vyake ni laini, kucha safi, na mashine huigusa kwa ncha ya kalamu. Sauti yake ni ya mhubiri wa Sabato, polepole, kila neno limepigwa pasi. Hata kile kisanduku alichomtengenezea Drusilla, cha kutoa umeme kwenye betri ya sola na kuupeleka kwenye mashine ya kuangulia mayai, hakina kipimo cha mkondo wa umeme. "Kipimo ni cha waoga, mama," husema. "Programu inaangalia volti, inaangalia swichi imewashwa muda gani, inapiga hesabu. Mkondo inaujua yenyewe."

Leo asubuhi, mhandisi akiwa papo hapo, kisanduku kilianza kunuka plastiki.

"Mhandisi, hii kitu inaungua!" Drusilla alisema.

Mhandisi alifungua kompyuta yake, akasoma, akatabasamu. "Kulingana na hesabu, mama, iko baridi kabisa."

Mdomo ukisema hayo, mkono wa kushoto ulikwenda taratibu hadi kwenye kisanduku, ukachomoa simu yake iliyokuwa ikichajiwa hapo.

"Haya," Drusilla akamwambia, "sasa chomoa na mayai yangu."