Mgongo wa Mama, na Baadaye Uso

Watu ninaowachora karibu wote wameshakufa. Sikupanga iwe hivyo. Nilipofungua chumba changu hapa Masuguru, Korogwe, niliandika mlangoni kwamba nachora sura za watu kwa penseli, zinafanana kabisa, nikadhani watakuja maharusi. Wakaja wafiwa. Huku kwetu mtu akiwa hai anajulikana alipo, ukimtaka unakwenda kwake unamwona. Picha ya kutundika ya nini?

Picha wanazoniletea niige nyingi ni za kitambulisho. Mtu ameishi maisha yake yote akicheka na watu, siku ya kupigwa picha akaambiwa asicheke, avue kofia, masikio yaonekane. Akatoka macho kodo kama amekutwa na kuku wa jirani kwapani. Hiyo ndiyo inayobaki duniani. Halafu familia inakaa kwenye benchi langu na kuniambia marehemu alikuwa mcheshi sana, nimchore hivyo hivyo anacheka. Nauliza meno yake yalikuwaje. Hapo wanaanza kugombana wao kwa wao, mimi nachonga penseli.

Kuna familia ya wafugaji waliotoka upande wa Mkata na picha ya harusi ya watu wengine. Baba yao amesimama nyuma kabisa, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu. Wakasema nusu ya pili ilikuwa kama hiyo ya kwanza, nigeuze tu. Binadamu wa namna hiyo hayupo. Nikamkalisha mwanawe mkubwa kitini asubuhi nzima, nikaazima shavu lake. Kazi ilipokwisha mjane aliitazama, akatoka nje, nikajua imefanana.

Kila picha nikiimaliza naandika chini yake jina la mwenyewe, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Ndiyo desturi niliyoikuta wateja wanaitaka, na sasa watu wakiona fremu yangu wanaanza kusoma chini kabla ya kutazama sura.

Aliye hai nilimpata mmoja, mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu. Alitaka achorwe angali na nguvu zake. Ilitoka vizuri mno, nikashindwa kuvumilia, nikaitundika nje mlangoni ili wapita njia waone kazi. Kufika saa sita watu walikuwa wamejaa uani kwake, wanawake wamejifunga kanga, wanaume wameshatandika mikeka, jiko la chai linawaka. Mwalimu akarudi kutoka shambani na jembe begani, akawasalimu mmoja mmoja kwa heshima, kisha akauliza nani amefariki. Jioni akaja kwangu na picha yake kwapani. Hakugomba. Alisema ni nzuri sana, ila ikae kwangu mpaka itakapohitajika. Iko nyuma ya kabati, imegeukia ukuta. Mwalimu hupita mara moja moja kuangalia kama imeingia mende.

Habari hiyo ilifika Kwedizinga, Handeni, kwa mama yangu kabla jua halijazama. Sijui ilipanda basi gani.

Mama ndiye niliyetaka kumchora kuliko mtu yeyote. Nimechora mama za watu wengine mpaka vidole vimeota sugu, na kila nikimaliza mmoja nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba siku moja ndugu zangu nao watakaa kwenye benchi lile na kitambulisho mkononi, wanibishie habari za meno ya mama. Nilimwambia hivyo waziwazi. Akaniangalia.

"Wote uliowachora wako wapi sasa?"

Akasema kuchorwa ni uchuro, ni kujiitia kifo. Akaendelea kupepeta mahindi.

Nikajaribu kwa kuibia. Nikienda kumsalimia nakaa barazani na karatasi, yeye akiona penseli tu ananigeuzia mgongo. Anapepeta amenipa mgongo, anamenya mihogo amenipa mgongo, anaongea na mimi vizuri kabisa, ananiuliza habari za wajukuu, mgongo umenielekea mimi. Ndiyo maana nina michoro mingi ya mgongo wa mama. Fundo la kanga, kisogo, mfupa wa bega la kushoto ulioinuka kidogo kwa ajili ya kubeba kuni. Nadhani hakuna mgongo unaofahamika vizuri kama ule katika Handeni nzima.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe na kulaumu kikombe. Nikamleta mjini kwa daktari wa macho, naye akasema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu. Kilichokwisha hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha kilichobaki, lakini asitegemee sana. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akamwuliza kwao ni wapi. Njiani nilimshika mkono, kila penye shimo namwambia ainue mguu.

Tulipofika chumbani kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitengeneza kanga kichwani.

"Haya, nichore," akasema. "Nataka niione mwenyewe kabla hapajawa giza."

Nikamwambia lakini alikuwa anasema ni uchuro. Akasema uchuro ni uchuro, ila hao wengine wote nimewachora na hakuna hata mmoja aliyepata kusema kama amefanana. Yeye atasema. Nikaona kweli, na nikaogopa zaidi.

Kuna jambo sikuwahi kulifikiria. Sisi tumelelewa kwamba mzazi hakodolewi macho. Akikusemesha unatazama chini, akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, unatazama kitu. Uso wa mama nilikuwa naujua kama mtu anavyoijua njia ya kwao gizani. Ikabidi nimwombe radhi kwanza. Akasema fanya kazi yako, baba. Ndipo nikamtazama, na kuna kovu dogo kwenye nyusi ambalo sikuwahi kuliona.

Alilala kwangu na kukaa kwenye kile kiti kila asubuhi, mpaka nikamaliza. Sikupunguza mkunjo hata mmoja. Nikampelekea picha mlangoni penye mwanga. Aliisogeza karibu na jicho la kulia, ambalo lilikuwa na afadhali, akawa anaipitisha taratibu, paji, pua, mdomo. Kwetu hapakuwahi kuwa na kioo cha maana, palikuwa na kipande cha kutazamia jino linalouma. Alirudia kuipitisha tena.

"Umemwona wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Mama yangu."

Bibi alikufa mimi sijazaliwa. Hakupigwa picha hata siku moja, hata ya kitambulisho. Nikamwambia, mama, huyo ni wewe. Akasema yeye anajijua, huyu ni mama yake, hivi ndivyo alivyokuwa anakaza mdomo akitia uzi kwenye sindano. Kisha akaiambia ile karatasi shikamoo. Nililia, na mimi si mtu wa kulia kazini.

Alipojifuta uso akaniambia nitafute fremu na msumari, twende tukaitundike. Nikauliza, na uchuro je? Akashangaa swali langu. Huyu si alishakufa zamani?

Basi iko sebuleni kwake Kwedizinga, juu ya mlango wa chumbani. Majirani wamekuja, wameitazama, wameambiwa ni bibi mzaa mama, wakasema tumefanana naye sana ukoo mzima. Hakuna aliyeleta mkeka. Sasa mama anaona mwanga na kivuli tu. Nikienda ananiuliza kama fremu imekaa sawa, nami napanda kwenye stuli naifuta vumbi na kumwambia imekaa sawa.

Mwezi uliopita dada yangu alisoma chini ya picha akakuta hamna kitu. Akaniuliza mbona sikuandika jina na miaka kama ninavyowaandikia watu. Nikasema nimesahau. Mama alikuwa amekaa mkekani, ametugeuzia uso sote wawili.

"Aache hivyo hivyo," akasema. "Siku yangu ikifika msihangaike kutafuta picha. Mtaandika jina tu."

Dada akatoka nje. Mimi nikabaki juu ya stuli na kitambaa mkononi, nikaendelea kufuta.