Ekari Alizopima Isihaka

Kijijini kwao, nyuma ya Naliendele, Isihaka aliitwa Bwana Ekari, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Miaka ya tisini alikuwa kibarua wa kushika futi kamba kwa wataalamu wa Kizungu waliokuja kuchunguza mikorosho. Mdomo haukumtulia. Kila mgeni alimwuliza: shamba kwenu mnaliitaje? Mholanzi akasema "aka". Mjerumani naye "aka". Mswidi "oka". Mwingereza akataja "eka", ila akasema kwao siku hizi hicho ni kipimo. Isihaka akayaandika yote kwenye daftari.

"Ni neno moja," Mholanzi alimweleza wakati wa chai. "Mababu zetu walikuwa na lugha moja. Inasemekana mwanzoni lilikuwa uwanda wa kuswagia ng'ombe, kisha likawa shamba. Waingereza wakaligeuza kipimo, ndiyo ekari: eneo ambalo jozi ya ng'ombe wa plau hulimaliza kwa siku."

"Sisi hatuna ng'ombe wa plau," Isihaka akasema.

"Basi mnapimaje?"

"Tunahesabu mikorosho."

Ndivyo ilivyo huko. Mwulize mtu ana shamba kiasi gani, atakwambia mikorosho arobaini, mikorosho sitini. Kiunga cha muhogo hakitajwi, wala pori lililopumzishwa. Ya nini kulitaja? Kila mtu anajua ni la nani.

Mwaka 2004 ikaja amri mashamba yote yaandikwe kwa ekari. Nani apime kama si Bwana Ekari? Alizunguka na futi kamba miezi miwili, kifua mbele. Kila kaya ilimwonyesha shamba lake, yaani mikorosho yake, naye akapima inapoanzia hadi inapoishia, akaandika, akatia sahihi. Muhogo na pori hakuna aliyemwonyesha. Na yeye, mjuzi wa neno la nchi nne, aliyezaliwa humo humo, hakuuliza. Hata kulisimulia jambo hili kunakera.

Dada yake mkubwa, Mwanakombo, aliandikiwa ekari moja na nusu. Alikuwa mjane, na ndiye aliyemlea Isihaka tangu mama yao alipofariki. Korosho zilimpa nguo na mafuta ya taa; chakula chake cha mwaka mzima kilitoka kwenye muhogo.

Baada ya miaka miwili akaja mwekezaji na ramani. Palipoandikwa palikuwa na majina. Kwingine kote palikuwa peupe, na peupe hapo mwekezaji alikuwa amekwisha kupewa, muhogo wa Mwanakombo ukiwemo. Katapila lingeingia Jumatatu.

Isihaka alikwenda mjini mara tatu. Mara ya tatu karani wa ofisi ya ardhi alimpa kiti.

"Mzee, sahihi hii si yako?"

"Yangu, mwanangu."

"Na hapa umeandika moja na nusu."

"Nimekosea. Nilipima miti, sikupima shamba. Hata hilo neno ekari, huko lilikotoka lilikuwa shamba lenyewe, si namba. Waulize Waholanzi. Dada yangu atakula nini?"

Karani hakuwa mtu mbaya. "Mzee, mimi naletewa namba tu."

Isihaka alitoka, akakaa kwenye ngazi za ofisi, akalia mchana kweupe huku watu wakipita. Hakujali tena nani anamwona.

Aliporudi alimkuta Mwanakombo anang'oa muhogo ambao haujakomaa, mizizi myembamba kama vidole. Isihaka akapiga magoti mchangani.

"Dada, ni mimi niliyekuangamiza."

"Nilikuwepo siku ile," Mwanakombo akasema bila kusimama. "Ni mimi niliyekuonyesha mikorosho. Chukua jembe."

Maneno hayo yalimuumiza kuliko kama angetukanwa. Walichimba Jumamosi na Jumapili, na hawakufika hata nusu.

Jumatatu katapila liliingia asubuhi. Muhogo uliobaki, pori, mpaka aliouweka mama yao kwa mkonge, vyote vilikwisha kabla ya adhuhuri. Kwa katapila haikuwa hata kazi ya siku nzima. Ndugu hao wawili walisimama kwenye mkorosho wa mwisho, pale futi kamba ilipoishia.

"Isihaka," Mwanakombo akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli, "pale palikuwa ekari ngapi?"

Bwana Ekari hakujua. Hakuwahi kupapima.